Leso Yenye Maua

Asubuhi hiyo Njoki alimnywesha mama yake uji, akampangusa kidevu, akamfunga mguu kwenye chaga ya kitanda kwa leso, akamwomba msamaha, kisha akatia kufuli mlangoni na kwenda sokoni Nyeri mjini kuuza sweta za mitumba. Usimhukumu upesi. Ngoja nimalize, halafu kama bado una jiwe mkononi, lirushe.

Mama yake Njoki aliitwa Kagure, lakini wapangaji wa ploti nzima pale Kamakwa walimwita Shosho, yaani nyanya. Uzee ulikuwa umemla akili. Akiachwa peke yake alitoka, na akitoka aliteremka hadi Mto Chania, ati anaenda kumtekea mama yake maji, mama aliyezikwa zamani. Mara ya mwisho walimkuta ameketi juu ya jiwe katikati ya mto, maji yakimpiga magotini, anaimba.

Njoki alijaribu, Mungu ni shahidi. Alileta msichana wa kazi, Shosho akamuuma mkono, msichana akafunga mzigo wake. Alimwomba jirani yao Nduta awe akichungulia tu. Nduta akasema, "Njoki, mimi nakupenda, lakini huyu mzee akianguka nikiwa naye, watu watasema nini?" Wanawake wa kanisa walikuja, wakaomba kwa sauti ya juu, wakanywa chai, wakaenda. Na Dedan, kaka yake Njoki, mpishi wa hoteli kule Nanyuki, alikuwa na jibu moja tu kwenye simu: "Niko kazi, nitakupigia." Alikuwa kazini mwaka mzima, huyo Dedan.

Wa tatu katika chumba chao alikuwa binti yake Njoki, mwanafunzi wa fomu foo katika shule ya kutwa iliyo juu ya mteremko. Njoki hakuolewa, na kwa desturi ya Wakikuyu binti yake wa kwanza alipewa jina la nyanya mzaa mama. Kwa hiyo naye alikuwa Kagure. Tangu akiwa mchanga Njoki alimwita "maitu", yaani mama yangu, kana kwamba ndiye mamake, na hakuna aliyeona ajabu. Chumba kilikuwa na mama wawili wa Njoki, mmoja aliyemzaa na mmoja ambaye yeye alimzaa, na wote wawili walikuwa wakimtazama kila asubuhi alipoinama kufunga lile fundo.

*

Mwalimu Shariff alifundisha Kiswahili, na alikipenda Kiswahili kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Alizaliwa Majengo, hapo hapo Nyeri, na bado aliishi huko na mama yake mjane, Bi Samiha. Alikuwa mwalimu mzuri. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu kuna mtu atataka kumcheka.

"Andikeni ubeti mmoja," aliwaambia darasa. "Jambo mlilolishuhudia kwa macho yenu. Sitaki simba wala chui. Hakuna simba Kamakwa."

Watoto walicheka. Kagure hakucheka. Alikuwa amengoja kwa muda mrefu mtu mzima amuulize ameona nini.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani uso umemng'aa. Hakusalimia. Alichukua chaki akaandika ubaoni:

Mama kamfunga mama, kwa leso yenye maua,
Afunga akitetema, dirishani laja jua,
Huenda mtoni hima, kwa njia asiyojua,
Nani, nauliza jama, atakuja mfungua?

"Huyu ni mwenzenu Kagure," alisema. "Hesabuni mizani muone kama kuna iliyopotea. Haya, tuanze. Mama wa kwanza ni nani?"

Kijana wa dawati la mbele, Muriithi, akainua mkono. "Ni serikali, mwalimu. Ndio inafunga."

"Vizuri. Na anayefungwa?"

"Nchi."

"Naam! Nchi yetu, mama yetu sote. Neno mama limerudiwa: hiyo ni takriri. Lakini hebu tazameni leso. Kwa nini si kamba? Kwa nini si mnyororo?" Alizunguka kati ya madawati, chaki inamdondokea kwenye koti. "Kwa sababu watawala hawatufungi kwa mnyororo siku hizi. Wanatufunga kwa maneno matamu, kwa ahadi za kampeni. Kifungo kimerembwa maua! Ishara hii, wallahi, nimesahihisha mitihani miaka mingi na sijaiona."

Kagure alitazama meza yake. Ile leso ilikuwa ya manjano, na maua yake yalikuwa yamechujuka kwa kufuliwa kila jioni.

"Na mto?"

"Maangamizi," wakajibu wengi pamoja.

"Na mshororo wa mwisho? Nani atakuja kumfungua?"

"Swali la balagha!" darasa zima likaitikia.

"Na balagha ni swali la namna gani?"

"Lisilohitaji jibu!"

Waliandika hivyo, wote, na Kagure naye akaandika, maana lingetoka kwenye mtihani.

Kengele ilipolia alimfuata mwalimu hadi kwenye mlango wa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, ile leso si ahadi. Ni leso."

Mwalimu Shariff akacheka kwa upole. "Binti yangu, usijishushe. Mtunzi mara nyingi hajui ukubwa wa alichokiandika. Kalamu humtangulia."

"Lakini mama wa pili ni..."

"Ni nani?"

Akataka kusema Kagure, akakumbuka kwamba jina ni lao wawili, yeye na Shosho. "Ni mimi pia," alisema.

"Umeona? Umejitia ndani ya nchi yako! Shairi hili tutaliigiza siku ya wazazi. Nenda ule."

Alikwenda. Hakula. Si kwamba mwalimu hakumsikiliza; alimsikiliza mno, akasikia mambo ambayo hayakuwepo. Na ukishasifiwa hivyo, useme nini tena?

*

Ujumbe wa shule uliingia kwenye simu ya Njoki akiwa sokoni, katikati ya kubishana na mteja juu ya sweta yenye kifungo kimoja kilichopotea. Binti yake atapewa zawadi. Mzazi afike bila kukosa. Njoki alisoma mara mbili, akampunguzia yule mteja bei bila kuombwa tena.

Jioni alipoingia nyumbani alimfungua kwanza Shosho, akambadilisha nguo, akafua leso. Halafu akasema, "Maitu, ati unapewa zawadi na huniambii?"

Kagure alikuwa anakoroga sufuria ya githeri. Mkono ukasimama. "Mami, usikuje."

"Nisikuje?"

"Ni kitu kidogo tu. Utapoteza siku ya soko."

Njoki alimwangalia mgongo. Alifikiri anajua sababu. Aliona vidole vyake mwenyewe vilivyopasuka kwa baridi ya soko, akaona viatu vyake, na akakata shauri kwamba mtoto anamwonea aibu. Lilimuuma, lakini hakusema. Alichofanya ni kuchagua kutoka kwenye mzigo wake sweta moja nzuri ya buluu, akaificha chini ya godoro, akijiambia ataivaa siku hiyo tu na kuirudisha kwenye rundo.

"Mimi nitakuja," alisema. "Nimekuzaa, nitakuja."

*

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa, mlima umejifunika ukungu tangu alfajiri. Njoki alivaa sweta ya buluu. Alimfunga Shosho akimwambia kwamba leo atarudi mapema, kabla ya chakula cha mchana. Shosho akamshika sweta na kuusugua ule uzi mzuri kwa vidole, akatabasamu.

Uwanjani walimketisha mbele, kwenye viti vyenye matakia, kando ya mwalimu mkuu, Bi Mathenge. Njoki hakuwa amewahi kuketi mbele mahali popote isipokuwa kwenye mazishi. Hotuba zilikuwa ndefu. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema hatasema mengi, kisha akasema mengi. Njoki akaanza kutazama jua.

Hatimaye darasa la Kagure likapanda jukwaani. Msichana mmoja alikuwa amevikwa sufu nyeupe kichwani, mgongo ameupinda, mkongojo mkononi. Wakamketisha kwenye stuli. Mwingine akatoka na leso ya maua, akapiga magoti, akamfunga yule kikongwe mguu. Leso ilikuwa ya Bi Samiha, mwalimu aliiazima kwa mama yake. Wote wakaimba kwa sauti moja: "Mama kamfunga mama, kwa leso yenye maua..."

Njoki hakuelewa mara moja. Alitabasamu kama wazazi wengine. Ilipofika mto, tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Alivuta viganja vyake akavificha ndani ya mikono ya sweta, akamtafuta binti yake kwa macho. Kagure alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mdomo wake hauimbi.

Watu walipiga makofi. Mwalimu Shariff akapanda, akaeleza yote: serikali, nchi, ahadi za uchaguzi zilizorembwa maua. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo mtoto amesema ukweli kabisa!" Kila neno lilimpiga Njoki, na kila neno lilimkosa. Hakuna aliyekuwa akimtazama kwa ubaya. Angeweza kuketi pale, akala wali wa shule, akapigwa picha na zawadi, na siri ikalala.

"Sasa," alisema Bi Mathenge, "mama aliyemlea huyu mshairi atuambie neno moja. Mama Kagure, karibu."

Kipaza sauti kilikuwa baridi na kizito. Njoki akakishika kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limepita utosi. Kule nyumbani uji ulikwisha zamani.

"Asanteni," alisema. "Mimi siko na maneno mingi. Nimekaa sana. Naomba mniruhusu niende nyumbani nimfungue mama."

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu Shariff akaruka na kukikamata kipaza sauti, macho yamemjaa machozi ya furaha. "Mmesikia, wazazi? Mmesikia? Swali la balagha limejibiwa na mama mwenyewe! Huyu mtoto hakuokota ushairi njiani!"

Makofi yakazidi. Njoki alibaki amesimama, mikono inaning'inia. Aliwaambia ukweli wote, nao wakaushangilia. Sijui kama kuna aibu inayopita hiyo.

"Mwalimu." Kagure alikuwa ameshuka jukwaani. Hakuwa na kipaza sauti, ikabidi apige kelele. "Mwalimu, si ishara! Ni shosho yangu. Amefungwa hata sasa, kwa nyumba, na mlango iko na kufuli. Niliandika ndio mtu akuje!"

Makofi yalikufa moja moja. Msichana aliyekuwa bado amefungwa kwenye stuli akaanza kuhangaika na fundo. Mama mmoja wa safu ya pili akamnong'oneza mwenzake, "Mama yake mwenyewe? Kama mbuzi?" akahakikisha amesikika. Njoki akashuka katikati ya viti, na watu wakavuta miguu yao kumpisha, wengine wakavuta na nguo.

*

Mwalimu Shariff aliwafikia Njoki na binti yake kwenye mteremko, akikimbia, tai imemrukia begani. Njoki hakugeuka.

"Mama Kagure, nisamehe. Mimi sikujua."

"Alikuambia?"

Mwalimu akairudisha tai kifuani. "Aliniambia."

Walitembea. Kisha Njoki akaanza kusema, na hakuwa akisema na yeyote hasa. "Ati kwa nini si kamba. Umeuliza watu wote, kwa nini si kamba. Nilianza na kamba. Kamba ikamchubua. Nikajaribu mkanda, ukamchubua pia. Leso ndio laini. Hiyo ndio maana yake, mwalimu. Iandike."

Hakuiandika.

Kufuli lilifunguka, na harufu ikatoka kabla yao. Shosho alikuwa ameketi sakafuni, kikombe kimepinduka, nguo imelowa, mguu umeinuliwa kitandani kwa leso. Alikuwa amevuta na kuvuta, na fundo likakaza hadi likawa dogo kama kokwa. Njoki alipiga magoti akajaribu, lakini kucha hazikupenya. Mwalimu akapiga magoti kwenye majimaji yale na suruali yake ya sherehe, akachukua fundo. Vidole vyake vilizoea chaki, havikuwa na nguvu. Alikazana hadi jasho likamtoka, na mwishowe akainama akalilegeza kwa meno.

"Ni nani amekuja?" Shosho aliuliza kwa Kikuyu.

"Ni mwalimu, Shosho," Kagure alijibu.

"Ametuletea maji?"

Njoki alimwinua mama yake, akamketisha, akamfunika miguu. Kwenye kifundo palikuwa na alama, hata kwa ile leso laini. Ndipo akamgeukia binti yake. "Umenianika, maitu. Mbele ya watu wote wa Nyeri umenianika."

"Nilitaka mtu akuje."

"Ungeniambia mimi!"

"Nilikuambia, mami. Siku ile ya mto nilikuambia tutafute mtu. Ukalia. Nikaogopa kukuambia tena."

Ilikuwa kweli. Njoki akamvuta binti yake kwa kichwa, akamkumbatia kwa nguvu, na sweta ya buluu ambayo haikuwa yake ikalowa machozi. Basi hiyo nayo haingeuzika tena.

Mwalimu alikuwa amefika mlangoni, hajui aage vipi.

"Sawa, mwalimu," Njoki alisema. "Leo umekuja, umefungua. Mungu akubariki. Na Jumatatu? Mimi niko soko, mtoto ako shule, wewe uko na chaki yako. Jumatatu atakuja nani?"

Mwalimu Shariff akajipangusa magoti ya suruali. Swali lile aliwafundisha watoto kwamba halihitaji jibu.

"Nitaangalia," alisema.

"Haya," alisema Njoki. Watu wengi walikuwa wamemwambia wataangalia.

*

Habari ikatembea, kama ilivyo kazi yake. Jumamosi Dedan alipiga simu kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe. Alifoka hadi Kagure akasikia kutoka upande wa pili wa chumba. Ametumiwa video ya siku ya wazazi. Wenzake jikoni wameiona. Ati dada yake anamfunga mamake!

"Mama yetu," Njoki alisema.

"Unaniaibisha, Njoki!"

"Kuja basi umchunge. Kitanda iko."

"Unajua niko kazi."

"Najua," akasema, akakata simu.

Jumapili kanisani alipata benchi zima peke yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Waliomhama ndio wale wale waliokunywa chai yake. Nduta alileta bakuli la mukimo, akaliacha mlangoni bila kugonga. Labda ilikuwa aibu, labda ilikuwa huruma. Walikula.

Jumatatu Kagure alivaa sare polepole. "Mami, leo nibaki mimi."

"Uende shule. Mtihani haitakungoja."

"Na Shosho?"

"Uende, maitu."

Msichana akaenda, akigeuka kila hatua. Njoki akangoja. Alifagia mahali palipofagiwa. Alichungulia nje, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na njiani hakuna mtu. Wauzaji wenzake walikuwa wamekwisha kutandaza. Asipouza leo, jioni hakuna unga, na hilo halina falsafa yoyote. Alingoja tena kidogo. Kisha akaichukua leso kutoka kwenye kamba ya nguo, akarudi ndani, akainama.

Shosho alimwona na leso. Bila kuambiwa, akaunyoosha mguu. Aliunyoosha vizuri, kama mtoto aliyefundishwa adabu, kisigino juu ya ukingo wa kitanda, akangoja afungwe.

Njoki alishindwa. Alikaa chini sakafuni, leso mapajani, akalia kwa sauti, na hakujali ploti ikisikia.

"Hodi humu ndani."

Mlangoni alisimama mama mzee mnene, buibui jeusi, ushungi umelowa umande, kikapu cha maharagwe mkononi, anahema kwa kupanda kilima. Nyuma yake, mbali kidogo, mwalimu Shariff alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi ni Samiha, mama yake huyu," alisema kwa Kikuyu safi cha Nyeri, maana alizaliwa hapo na kuzeekea hapo. "Alikuja kuazima leso kwangu, hakuniambia ni ya kumfungia mtu. Tangu Ijumaa sisemi naye. Mwanangu, mimi kutwa naongea na redio, na redio hainijibu. Nimechelewa, nisamehe, miguu si ile. Kesho nitatoka mapema."

Njoki alijaribu kuinuka, akashindwa. "Anauma," alisema. "Anaweza kukuuma."

"Nimelea huyo," Bi Samiha alisema, akimwonyesha mwalimu kwa kidevu. "Nenda kazini."

Akaweka kikapu chini, akaketi kitandani, kitanda kikalia.

"Ni nani amekuja?" Shosho aliuliza.

"Ni mimi Samiha, Kagure. Nimekuja tukae."

Shosho akafikiri. Hakuondoa mguu. Aliendelea kuunyoosha, akingoja, macho yake kwenye leso ya maua iliyokuwa bado mapajani mwa binti yake. Bi Samiha akautazama ule mguu, akaitazama ile alama. Kisha akavua soksi zake za sufu, bado zina joto, akamvisha.